Mrejesho: kisanduku cha mninga kilichokaukia gundi kikiwa kimepinda

Wakuu, asanteni. Swali lilikuwa namna ya kukifungua na kukiunganisha upya kisanduku cha mninga hapa Tabora kilichounganishwa kwa gundi nyeupe kikakauka kimepinda: ulalo mmoja (kipimo cha kona hadi kona ya mkabala) milimita 412, mwingine 418. Kimefunguka, hakuna ubao uliopasuka.

Siki ya moto iliingizwa kwenye viungo kwa bomba la sindano, mara tatu, kila baada ya dakika 10. Kisha kitambaa kibichi na pasi juu yake. Gundi nyeupe hulegea kwa joto na unyevu. Ikishakuwa kama ute, gonga kwa ndani ukitanguliza kipande cha mbao laini, kona kwa kona, bila haraka.

Kazi yenyewe ni kukwangua. Gundi mpya haishiki vizuri juu ya iliyokauka, kwa hiyo pitisha patasi kali mpaka mti mtupu uonekane, futa siki kwa maji, acha hadi kesho yake.

Kilichopindisha kisanduku ni klampu (vibanio vya mbao) zilizokaa mshazari. Safari hii, wakati wa kuunganisha upya, ulalo ulipimwa gundi ikiwa bado mbichi, ule mrefu ukabanwa kidogo kidogo hadi zote zikasoma 415. Na jamani, gundi iliyochuruzika msiifute kwa kitambaa kibichi: inaziba vinyweleo, vanishi inaacha baka jeupe. Ingojeni iwe kama mpira, muibandue kwa patasi.