Keki isiyo na ngano, mayai wala njugu kwa wageni wengi wa Desemba hapa Kisumu

Mama wa Mamboleo (ameuliza):

Hamjambo, ndugu wapenzi wa mapishi. Mwaka huu zamu ya kuwakaribisha jamaa baada ya Krismasi imetuangukia sisi hapa Mamboleo, na ninatarajia wageni wapatao ishirini na watano, bila kuwahesabu majirani ambao hawahitaji mwaliko. Miongoni mwao yumo mtoto wa wifi yangu, mwenye umri wa miaka sita, ambaye daktari amethibitisha kwamba ana mzio wa njugu karanga na wa mayai. Yumo pia mchumba wa shemeji yangu, ambaye ana ugonjwa wa siliaki na haruhusiwi kula ngano hata kidogo. Kwa kawaida mtoto huyo huletewa biskuti zake katika mkebe, akakaa pembeni akiwatazama wenzake wakikatiwa keki. Sitaki jambo hilo litokee nyumbani kwangu, kwa hiyo ninatafuta keki moja ambayo watu wote wataila.

Nina oveni ndogo ya umeme, na umeme ukipotea hutumia sufuria na makaa. Joto la Desemba hapa mnalijua, kwa hiyo ningependa kujua pia cha kuipaka keki juu kisichoyeyuka kabla wageni hawajanawa mikono.

Swali la pili ndilo linalonikosesha usingizi. Mama mkwe huja kutoka Homa Bay na njugu za kukaanga kwa ajili ya wajukuu, na wake za mashemeji huja na vyungu vyao, mboga za kienyeji zikiwa zimeungwa kwa njugu za kusaga. Jikoni huwa tumesongamana, kila mmoja na mwiko wake, na aliye karibu na sufuria ndiye anayekoroga. Je, nitawezaje kulinda chakula cha wale wawili bila kumvunjia mtu heshima?

---

Mwokaji wa Nakuru:

Mama, nitajibu la keki, la mama mkwe nitawaachia wenye ujasiri.

Keki inayokufaa ni ya ndizi mbivu, kwa sababu ndizi hufanya kazi mbili ambazo kwa kawaida hufanywa na mayai, yaani kushikanisha na kuleta unyevu. Changanya kikombe kimoja cha unga wa mchele, nusu kikombe cha unga wa muhogo na nusu kikombe cha unga wa mtama. Mchele peke yake hutoa keki yenye chembechembe kama mchanga, na muhogo peke yake huvutika mdomoni, ila vikichanganywa hurekebishana, nao mtama huleta rangi na harufu nzuri. Tia robo tatu ya kikombe cha sukari, chumvi kidogo, na vijiko viwili vidogo vya isabgol, yale maganda ya mbegu yanayouzwa katika maduka ya dawa na maduka ya Wahindi kwa ajili ya tumbo. Hayo ndiyo yatakayochukua nafasi ya gluteni, yaani protini ya ngano inayoshikanisha unga, kwa maana yakilowa huwa kama ute unaozuia keki isimomonyoke. Ponda ndizi tatu zilizoiva hadi ganda likaanza kuwa jeusi, kisha ongeza nusu kikombe cha mafuta na robo tatu ya kikombe cha tui zito la nazi.

Hapa ndipo wengi huharakisha. Unga usio na ngano hunywa maji polepole, kwa hiyo uache mchanganyiko huo ukae dakika ishirini kabla ya kutia vijiko viwili vidogo vya poda ya kuumulia, nusu kijiko kidogo cha bikaboneti na kijiko kikubwa cha maji ya ndimu. Bikaboneti ikikutana na ndimu huanza kutoa gesi papo hapo, na ukiitia mapema utakuwa umeipoteza gesi yote ndani ya bakuli. Ukishakoroga, mimina katika bati na uingize motoni mara moja, nyuzi 175, kwa muda wa dakika 45 hadi 50. Vipimo hivi vinatosha bati moja la mkate, kwa hiyo kwa wageni wako oka mabati matatu badala ya kujaribu keki moja kubwa, kwa sababu keki ya aina hii ikiwa nene hubaki mbichi katikati.

Jambo moja kuhusu mahali. Kisumu iko mita 1,131 hivi juu ya usawa wa bahari, nasi Nakuru tuko karibu mita 1,850, ambapo hewa ni nyepesi zaidi na gesi ndani ya keki hutanuka upesi. Mimi hupunguza robo ya poda ya kuumulia na kuongeza vijiko viwili vikubwa vya tui, la sivyo keki huinuka kwa majivuno kisha hubonyea. Kwako vipimo nilivyotaja vinatosha, lakini kama kuna mtu atakayeoka huku juu na kukuletea, mwambie hivyo.

Kuhusu cha kupaka juu, achana na siagi na krimu. Siagi huanza kulegea kabla hata ya kufika nyuzi 32, na sebule yenye watu ishirini na watano mchana wa Desemba haiko mbali na hapo. Koroga sukari ya unga na maji ya pasheni hadi iwe nzito, kisha uimwagie keki ikiwa imepoa kabisa. Hukauka na kuwa ngumu kidogo, na haina kitu cha kuyeyuka. Maembe nayo yako msimuni, kwa hiyo vipande vyake pembeni vitaipendezesha sahani bila gharama kubwa.

---

Muuguzi wa Watoto:

Mapishi ya ndugu wa Nakuru ni mazuri, ila naomba kuongeza mambo ambayo hayaonekani katika orodha ya viungo.

Wageni wako wawili wana matatizo ya aina tofauti. Mtoto ana mzio, na kwake dalili huanza ndani ya dakika chache hadi saa mbili hivi: mabaka yanayowasha, midomo kuvimba, kutapika, kukohoa au kupumua kwa shida. Mwenye siliaki huenda asionyeshe lolote mezani, lakini makombo machache ya ngano huamsha kinga ya mwili wake ishambulie utumbo. Kwa hiyo usiseme “mbona alikula na hakufanya kitu.”

Usiamini pia kwamba moto utaondoa hatari. Kukaanga njugu hakuvunji protini yake inayoleta mzio, na kuna utafiti ulioonyesha kwamba huenda hata kukaifanya kuwa kali zaidi. Kuhusu mayai, ni kweli kwamba watoto wengi wenye mzio huo huweza kula yai lililookwa ndani ya keki, lakini jambo hilo hujaribiwa mbele ya daktari, wala si katika sherehe ya jamaa.

Weka sabuni na maji mlangoni, na kila mtu anawe, hasa aliyetoka kula njugu njiani. Dawa ya kuua viini inayopakwa mikononi haiondoi protini ya njugu, husambaza tu. Meza nazo zifutwe kwa maji ya sabuni.

Mwisho, muulize wifi yako kabla ya siku yenyewe ni dawa gani ambayo daktari amempa mtoto na itawekwa wapi. Dawa ya maji ya kupunguza mwasho inafaa kwa mabaka machache, lakini haiokoi mtoto ambaye koo linavimba. Huyo anahitaji sindano ya adrenalini kwenye paja, upande wa nje, na kupelekwa hospitalini hata kama anaonekana kupata nafuu, maana dalili zinaweza kurudi baada ya saa kadhaa. Asisimamishwe wala asitembezwe. Alazwe na miguu iinuliwe, au aachwe aketi ikiwa anapumua kwa shida. Kubalianeni mapema ni gari la nani ambalo halitazibwa na magari ya wengine uani.

---

Shangazi wa Busia:

Mwanangu, mnazungumzia unga kana kwamba unga wote ni sawa. Umefikiria utasagwa wapi?

Ukiupeleka mtama wako kwenye mashine ya kusaga posho, utakuta mtu aliye mbele yako anasaga unga wa uji wenye wimbi, soya, njugu na hata omena, na aliye mbele yake alikuwa anasaga ngano. Mashine haioshwi kati ya mteja na mteja, na kilo ya kwanza inayotoka huwa imebeba mabaki ya jirani. Huo unga wako utaitwa wa mtama, lakini mtoto atakuwa amekula njugu. Kwa sababu hiyohiyo, usinunue sokoni unga uliofunguliwa kwenye gunia, hata kama muuzaji wa Kibuye anaapa kwamba ni safi, kwa maana kijiko chake cha kupimia hutembea kutoka gunia hadi gunia.

Nunua pakiti zilizofungwa ambazo zimeandikwa wazi kwamba hazina gluteni wala njugu, au utwange mwenyewe. Muhogo mkavu hutwangika kwa urahisi, na mchele ukilowekwa usiku, ukachujwa na kuanikwa kidogo, husagika hata kwa mashine ndogo ya nyumbani. Hata hivyo kinu cha mbao kilichowahi kutwanga njugu hakifai, kwa sababu mbao hunywa mafuta na nyufa zake hazisafishiki. Mwiko wa zamani na kibao cha kusukumia chapati ni vivyo hivyo, na ungo na chekecheke nazo ndizo ngumu zaidi kusafisha. Azima au nunua mpya kwa ajili ya keki hii. Muhogo wenyewe uwe umekaushwa vizuri na mtu unayemwamini, kwa sababu ile michungu isiyotayarishwa ipasavyo ina sumu.

Poda ya kuumulia nayo isome maandishi yake, kwa kuwa huchanganywa na wanga. Mara nyingi wanga huo ni wa mahindi, lakini si lazima.

---

Mama wa Mamboleo:

Shangazi, shikamoo, na asante. Hilo la mashine halikuwa limenipitia akilini hata kidogo. Naomba kuuliza mambo mawili zaidi. Je, keki ikiokwa siku moja kabla itaharibika kwa joto hili? Na chapati nifanyeje? Sherehe bila chapati hapa kwetu haitambuliki.

---

Mwokaji wa Nakuru:

Oka keki siku iliyotangulia, kabla pakiti ya ngano haijafunguliwa jikoni, kwa kuwa vumbi la ngano huelea hewani na kutua juu ya kila kitu. Ikishapoa ifunge na uiweke kabatini juu kabisa. Usiku mmoja hautaidhuru. Usiiweke kwenye friji, maana wanga wa mchele ukipata baridi ya friji hukakamaa na keki ikawa kavu. Kama ni lazima ikae zaidi, ikate vipande, uigandishe na kuitoa asubuhi.

Chapati zisukumwe nje, uani, na mtu asiyegusa vyakula vingine. Mafuta yaliyokaanga mandazi yasitumiwe tena kukaanga viazi, kwa sababu yule dada wa siliaki atakula viazi akidhani yuko salama.

---

Baba Watatu, Kakamega:

Mimi ni baba wa mtoto mwenye mzio wa njugu, na ninatofautiana kidogo na wote mliotangulia, kwa kuwa mmejibu kana kwamba nyumba hiyo itakuwa maabara. Watoto wataingia na kutoka, mtu ataweka sahani yake juu ya ile iliyofunikwa, na shemeji mmoja atakata keki kwa kisu kilichokata mkate. Kwa siku hiyo moja njugu zisiingie katika nyumba hiyo kabisa. Ngano inaweza kupewa meza yake na walinzi wake, kwa sababu anayeiepuka ni mtu mzima anayejua kuuliza. Mtoto wa miaka sita akipewa kitu na nyanya yake atakipokea kwa mikono miwili.

Na huyo nyanya asifichwe jambo. Nimeona watu wakipokea njugu za mama mkwe kwa tabasamu kisha wakazitupa, na mzee akigundua maneno hayaishi. Mume wako, kwa kuwa ni mama yake, ampigie simu wiki moja kabla na kumweleza kwamba mjukuu wake anaweza kukosa pumzi, wala si kwamba njugu zake hazipendwi. Amwombe alete kuku au ndizi badala yake, kisha siku yenyewe mpeni kazi ya kukaa karibu na meza ya keki na kukagua mikono ya watoto. Kwetu mama yangu ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote. Alipopewa cheo hicho alimfukuza mezani hata mchungaji aliyekuwa na korosho mfukoni.

Wake za mashemeji waambiwe na wifi yako mwenyewe katika kundi la simu, naye ataje vyakula kwa majina. Ukisema “msilete vitu vyenye mzio” kila mtu atadhani chakula chake hakihusiki.

---

Muuguzi wa Watoto:

Ninakubaliana na Baba Watatu kuhusu njugu, na ningependelea mayai ya kuchemsha nayo yaachwe siku hiyo. Ila sikubaliani kwamba ngano itunzwe na mgonjwa mwenyewe kwa kuuliza maswali, kwa sababu mchumba aliye mgeni kwa wakwe atanyamaza na kula asije akaonekana anabagua chakula. Mpakulie wewe, Mama, wa kwanza, kabla vijiko havijabadilishana sufuria.

---

Shangazi wa Busia:

Marahaba, mwanangu. Nami nimalizie la umeme, maana siku kama hizo ndizo unazopotea. Sufuria kubwa itandazwe mchanga mkavu, ipashwe moto kwa dakika kumi, kisha bati la keki liwekwe juu ya mawe madogo matatu ili lisiguse mchanga. Makaa ya chini yawe machache na ya kwenye kifuniko yawe mengi zaidi, kwa sababu keki ya ndizi huungua chini upesi kwa ajili ya sukari yake. Usifunue kabla ya dakika thelathini, kisha ujaribu kwa kijiti kipya, si kile kilichochokoa mandazi.