Jumba la makumbusho linaachia picha ziliwe na jua, ukiuliza unaambiwa "za zamani ndivyo zilivyo"

Wakuu nina hasira hadi basi, acheni niseme. Nimetembelea jumba moja la kale la matajiri wa mashambani, siku hizi ni makumbusho na galari ya picha. Jumba zuri sikatai, ngazi za mbao zimechongwa vizuri mno na wameitunza hata ile sakafu inayolia ukikanyaga. Sasa ingia chumba cha picha. Michoro ya rangi za maji imetundikwa mkabala na madirisha, mapazia wazi yote, jua linapiga kwenye karatasi moja kwa moja!

Kuna mchoro wa mto nikausogelea. Ile karatasi nene inayozunguka mchoro ndani ya fremu imeteleza kidogo, ukingoni ukatokeza mstari mwembamba uliokuwa umefunikwa miaka yote. Kwenye huo mstari anga ni bluu ya nili, imekolea. Kwingine kote nili imeshakufa, anga limebaki na wekundu uliopauka, na kibao chini yake kinasifia "machweo". Machweo gani jamani, hiyo ilikuwa mchana kweupe!

Nikamwita mhudumu nikamwonyesha, ananijibu picha za zamani ndivyo zilivyo, na wakishusha mapazia wageni wanalalamika giza. Kaka, rangi ikishapauka hairudi, hakuna fundi wa kuirudisha, na kila saa ya mwanga inajumlishwa juu ya zile zilizopita hata ukizima taa usiku. Hili si jambo jipya, wanasayansi Russell na Abney walishalitolea ripoti Uingereza tangu 1888. Kiwango kinachofuatwa kwa rangi za maji ni kama luksi 50 tu (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), na hapo bado picha zinapumzishwa stoo kwa zamu. Kule Edinburgh, Uskoti, michoro ya rangi za maji ya mchoraji Turner, iliyofika huko mwaka 1900 kwa wosia wa mkusanyaji Henry Vaughan, inaonyeshwa Januari tu, mwezi ambao mwanga ni hafifu, kwa sababu Vaughan mwenyewe aliweka hilo sharti. Watu wanaenda na baridi yote ile na hawalalamiki giza.

Hawa wetu wameshindwa hata kushusha pazia, kitu cha bure kabisa! Na aliyewapa hizo picha aliwaamini.

Mwenye uzoefu wa kazi za makumbusho anisaidie, barua niiandikie bodi ya wadhamini au nianze na mhifadhi? Picha ya ule mstari wa bluu ninayo, naiambatanisha.