Mashine ina vipande 34, lakini bledi ya kuingia humo haipo Moshi wala Arusha. Wauza vifaa, mnatuuzia nini?

Wakuu, salaam.

Mimi si fundi. Ni mkazi wa Moshi, maeneo ya Pasua, mwenye nyumba ambayo kila masika yakipita huniachia kazi ndogondogo: mlango uliovimba ukagoma kufunga, marumaru iliyobanduka, ubao wa dari ulioliwa na unyevu. Kazi za namna hiyo hunijia mara nne au tano kwa mwaka, na nilishachoka kumbembeleza fundi kwa kazi ya nusu saa, aseme kesho, kesho asije, na siku akija aje na grenda inayokata hata kisichotakiwa. Ndiyo sababu niliamua kununua ile mashine ndogo inayotetema badala ya kuzunguka, ambayo baadhi ya wauzaji huiita maltituli na wengine huionyesha tu kwa kidole. Nimeinunua, nimeitumia kwa muda usiofika saa moja, na sasa imelala kabatini. Naandika nikiwa na hasira, ila nitajitahidi kusema yaliyotokea bila kuongeza chumvi.

Kwa asiyeifahamu, bledi ya mashine hii huenda kushoto na kulia kwa pembe ndogo sana, kiasi cha nyuzi 3 kwa jumla, lakini hufanya hivyo mara elfu kumi hadi elfu ishirini kwa dakika. Aliyewahi kuvunjika mkono akafungwa plasta ameshakutana na ndugu yake: ule msumeno wenye kelele ambao hukata plasta ukaiacha ngozi, kwa kuwa ngozi huyumba pamoja na bledi na plasta haiyumbi. Kampuni ya Fein ya Ujerumani ilitengeneza msumeno wa namna hiyo mwaka 1967, na kutoka hapo teknolojia ikaingia kwenye useremala. Faida yake ni kwamba inaingia mahali ambapo msumeno wa mkono hauchezi na grenda haifiki: inakata ubao kuanzia katikati, inakata msumari usawa wa ukuta, inatoa grauti, ile saruji ya kuziba mwanya, kati ya marumaru mbili bila kuzivunja. Kwa mtu wa kazi chache za nyumbani ni chombo kizuri sana, na sina ugomvi nacho hata kidogo. Ugomvi wangu ni kwa namna kinavyouzwa.

Mwezi Februari nilipanda Coaster kwenda Arusha, kilomita 80 hivi, kwa sababu nilikuwa nabadilisha marumaru za korido na nilihitaji kupunguza miguu ya fremu nne za milango ili marumaru mpya zipite chini yake badala ya kuzikatakata kuzunguka mbao. Kwenye duka moja karibu na Soko Kuu kijana alinitolea boksi lenye rangi nyingi kuliko kanga. "Mzee wangu, hii ni wati 600, ina vipande 34, ukiwa nayo fundi umemsahau." Nilimuuliza mambo mawili tu. La kwanza, kama inakata mninga. Akasema inakata hata chuma. La pili, bledi zikiisha nitazipata wapi. Akajibu, na jibu hili ninaomba mlikumbuke: "Bledi za hizi zimejaa, mzee. Yoyote inaingia." Nikalipa shilingi 95,000 na kupewa risiti ya kuandikwa kwa mkono, wala si ya mashine ya EFD, ile ya kodi. Hapo nakiri kosa langu, nilikuwa nawahi gari.

Nilipofika nyumbani nikahesabu vile vipande 34. Misasa ya pembe tatu ilikuwa 28. Kulikuwa na pedi ya kubandikia misasa, kikwangulio kimoja, kifunguo chenye pembe sita na bolti ya akiba. Bledi za kukata zilikuwa mbili: moja ya mbao na moja ya nusu mviringo kwa ajili ya grauti. Yaani mtu anayetaka kukata ameuziwa karatasi za kusugulia, na kila karatasi imehesabiwa kama kifaa. Kisha nikageuza mashine yenyewe nikasoma kibati kilichobandikwa ubavuni: wati 200. Boksi 600, kibati 200! Wala 200 si aibu, kwa kuwa mashine nyingi nzuri za waya za aina hii zina kati ya wati 200 na 300 na zinafanya kazi yake barabara. Angeniambia 200 ningenunua vilevile. Kinachoniudhi ni kudanganywa pasipo hata sababu ya kudanganya.

Kazi yenyewe ilianza vizuri. Niliweka kipande cha marumaru chini pamoja na unene wa gundi, nikapata milimita 12, nikakilaza kando ya fremu kiwe kipimo, nikalaza bledi juu yake na kuanza kukata. Mguu wa kwanza ulikatika kama ndizi mbivu, wa pili pia. Mguu wa tatu, nikiwa nimeingia kama sentimita mbili, mlio ulibadilika ghafla ukawa mkali kama wa kijiko kwenye sufuria tupu, ukatoka moshi mwembamba wenye harufu ya chuma, na nilipochomoa bledi nikakuta upande mmoja hauna meno kabisa, umekuwa laini kama ukingo wa sarafu. Ndani ya mninga kulikuwa na msumari wa inchi nne ambao fundi wa mwaka ule aliugongea humo akaupaka rangi.

Jirani yangu seremala alinieleza baadaye kile ambacho muuzaji alipaswa kunieleza kabla. Bledi iliyokuja na mashine ni ya chuma cha kaboni, kwa mbao tupu, na ikigusa msumari ndio mwisho wake. Kwa mbao zenye misumari inatakiwa bledi ya metali mbili, yaani mwili wa chuma kinachopinda na meno ya chuma kigumu zaidi. Na kwa skrubu za chuma kigumu au grauti ngumu yanatakiwa meno ya kabaidi. Tena kasi nayo ina kanuni: kwenye mbao unapandisha, kwenye chuma unashusha, kwa sababu bledi ya chuma huuawa na joto kabla haijauawa na kazi. Yule kijana alikuwa ameniambia niweke namba sita kwa kila kitu. Nikasema sawa, bledi ni kitu cha kuisha, nitanunua nyingine ya metali mbili nimalize miguu mitano na nusu iliyobaki.

Ndipo safari ilipoanza. Nilizunguka maduka ya Double Road hapa Moshi, nikashuka Mbuyuni, nikauliza hadi kwenye meza za spea. Wengi walinipa bledi za jigsoo au za msumeno wa chuma. Duka la tano walikuwa na bledi za mashine ya kutetema, tena za metali mbili, shilingi 14,000 moja. Nilifurahi mpaka nilipotoa mashine kwenye mfuko. Bledi ile ilikuwa na tundu la katikati lililozungukwa na vitundu 12 vidogo; kichwa cha mashine yangu kina pini nne tu, nene, zilizokaa kama miguu ya stuli. Haikuingia. Nyingine ilikuwa ya Starlock, ule mfumo ambao Bosch na Fein waliuleta mwaka 2016, wenye kikombe kilichoinuka badala ya kuwa bapa. Nayo haikuingia. Wiki iliyofuata nilirudi Arusha, nikapita maduka sita, na kwa matatu kati ya hayo mwenye duka hakujua kwamba kuna tofauti ya mishiko, yaani pale bledi inaposhikana na mashine, mpaka nilipomwonyesha. Nauli peke yake ilishatosha kununua bledi mbili.

Nikarudi kwa muuzaji wangu. Sikumpigia kelele. Nilimkumbusha maneno yake, nikamwomba anipe bledi moja tu, yoyote, inayoingia kwenye mashine aliyoniuzia. Alifungua droo mbili, akajaribu tatu, hakuna iliyoingia. Kisha akanionyesha mstari wa chini wa risiti: mali ikiuzwa hairudishwi. Nikamwambia mstari huo haufuti boksi lililoandikwa wati 600. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya nchi hii inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi. Akaniambia, kwa upole kabisa, "Mzee, hata sisi tunaletewa hivihivi kwenye kontena." Pengine ni kweli. Lakini aliyepokea elfu tisini na tano zangu si kontena.

Sasa niseme ninachokilalamikia hasa, kwa sababu najua kuna watakaoniambia ningenunua ya bei kubwa. Sitaki kuambiwa bei. Kwa mtu wa kazi za mara chache, mashine hii ni mshiko wa bledi. Mengine yote yanafuata. Mota ya kawaida itamtosha, kwa kuwa haifanyi kazi kutwa. Kaboni, vile vipande vya kupitisha umeme ndani ya mota, zikiisha mafundi wa mota watamtafutia. Bali bledi ataihitaji kila baada ya kazi mbili tatu, na kama mshiko ni wa kwao peke yao, siku bledi ya kwanza inapokufa mashine nzima imekufa nayo. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo muuzaji angepaswa kulitaja, na ndilo ambalo halikuandikwa popote kwenye boksi langu. Hata hao wa Starlock wana ngazi tatu: mashine ya ngazi ya chini haipokei bledi za Plus wala Max, na bledi bapa za zamani haziingii kabisa. Ukiambiwa "ni Starlock" bado hujaambiwa kitu, uliza ni ngazi ipi, kisha uliza kama bledi zake zipo hapa mjini au ni za kuagiza.

Jambo la betri nalitaja kwa ufupi, kwa sababu kwenye duka moja walitaka kunisukumia hiyo kama suluhisho. Betri ya volti 18 yenye ampea-saa 2 inabeba wati-saa 36. Mashine ikila wati 200 kwa kazi nzito, hizo ni kama dakika 11, halafu unakaa kusubiri chaji. Anayeimiliki tayari drili ya kampuni hiyohiyo na betri zake mbili, anunue mashine tupu na asinisikilize. Lakini mimi ninayeitoa kabatini mara nne kwa mwaka, betri itazeeka ikiwa imekaa tu. Waya unanitosha, na umeme ukikatika nitakunywa chai.

NYONGEZA, saa mbili usiku: Kuna mkuu amenishauri nipanue tundu la bledi nyingine kwa tupa. Nilishajaribu, kwa msaada wa jirani yangu seremala. Bledi iliingia, tukakaza bolti kwa nguvu zote, ikakata kidogo, kisha ikaanza kuteleza kwenye mshiko ikajigeuza upande kuelekea kidole cha jirani. Tuliizima. Chuma kilichokazwa kwa msuguano peke yake hakiwezi kuhimili mitetemo elfu ishirini kwa dakika, na ninawasihi msijaribu.

Miguu mitano na nusu iliyobaki tumeimaliza kwa msumeno wa mkono na patasi, siku nzima, jirani yangu amelala ubavu kwenye sakafu ya korido.

Ninachoomba ni kimoja. Kama wewe ni muuzaji Arusha au Moshi na unasema unazo bledi, usiniandikie "zipo, njoo dukani". Weka hapa picha ya bledi upande wa mshiko, rula ikiwa pembeni. Yangu ina pini nne, na kutoka pini moja hadi ile inayoikabili ni milimita 17. Ikilingana, kesho asubuhi nipo kwenye Coaster ya kwanza.