Mjadala: Fataki za sikukuu ya taifa ziendelee, zipunguzwe au zifutwe kabisa?

Wadau, poleni na uchovu wa sikukuu.

Juzi usiku tulikuwa sita juu ya paa la rafiki yetu, mkeka umetandikwa, macho yote upande mmoja. Ua la kwanza likachanua angani, jekundu, kimya kabisa. Mmoja wetu akaanza kuhesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Ndipo mshindo ukatufikia. Sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo tulikuwa kilomita mbili hivi kutoka uwanjani. Mchezo wa kitoto, lakini tuliucheza watu wazima wote hadi mwisho.

Mwenzetu mmoja aliwahi kupita vitani. Wapi na lini, tuyaache. Alikuwa anatazama vizuri tu, anacheka na sisi. Mara jirani wa nyuma akalipua ya kwake, bila kumwambia mtu. Tulipogeuka, mwenzetu kalala kifudifudi, mikono juu ya kisogo. Akainuka, akajipangusa vumbi, akasema: "Za kule nilikuwa nazisubiri. Hii sikuisubiri."

Kauli hiyo ndiyo imenileta hapa.

Wanaotaka fataki zifutwe hawaongei hewa. Rangi zile ni chumvi za madini: strontiamu hutoa nyekundu, bariamu kijani, shaba buluu, na moshi wake unashuka tulipo sisi. Ndege nao wanakufa. Usiku wa kuamkia mwaka 2011, maelfu ya ndege walianguka wamekufa katika mji wa Beebe, Arkansas, huko Marekani, na fataki ndizo zilizotajwa kuwakurupusha gizani.

Wengine wanasema tuhamie kwenye droni. Nilitazama zile 1,824 za ufunguzi wa Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, zilivyojipanga zikawa tufe la dunia juu ya uwanja. Zilipendeza, sikatai. Ila hakuna kilichonigonga kifuani. Philadelphia, huko huko Marekani, walirusha fataki kuadhimisha uhuru tangu 1777, vita yenyewe ya uhuru haijaisha, na sidhani watu walitoka nje kwa ajili ya mwanga peke yake.

Msimamo wangu: za uwanjani zibaki. Sehemu moja, saa moja iliyotangazwa, mikononi mwa mafundi wenye kibali. Za mtu mmoja mmoja uani kwake zipigwe marufuku. Karibuni, tupingane kwa hoja.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, mbwa wangu hasomi matangazo. Ratiba yako inamsaidia nini? Mwaka jana aliruka ukuta, tukampata kesho yake mchana, kucha zimechubuka. Hizo zilikuwa fataki za uwanjani, zenye kibali chote unachokitaka.

Mleta mada: Pole sana. Mbwa hasomi, lakini wewe unasoma. Ukijua ni saa tatu, saa mbili unamfungia ndani, pazia chini, redio juu. Ya jirani utaijuaje? Halafu kuna njia ya kati: mji wa Collecchio, Italia, uliamuru zitumike fataki za kelele ndogo mwaka 2015. Nasema ndogo, maana baruti ya kuirusha juu lazima isikike. Na zile kubwa za kufunika anga nzima ndizo unazokosa.

Mchangiaji wa pili: Mimi nipo upande wa kuziacha zote, hata za uani. Serikali ikishahodhi fataki, sikukuu inakuwa yao, sisi watazamaji. Mtu akiwasha kitu chake mwenyewe, hapo ndipo anaposherehekea.

Mchangiaji wa tatu: Asherehekee na vidole vya nani? Vile vijiti vya cheche mnavyowapa watoto washike, mnavyoviita salama, vinaungua kwa zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi. Maji yanachemka kwa 100. Fanyeni hesabu wenyewe.

Mchangiaji wa pili: Basi tufundishane kuzitumia. Marufuku zitauzwa kwa kificho, na za kificho hazina hata maelezo kwenye boksi.

Mleta mada: Hapo umenibana, nakiri. Marufuku bila mtu wa kuisimamia ni karatasi tu. Lakini mwenzangu pale mkekani hakuhitaji mafunzo yoyote. Alihitaji kuambiwa tu.

Mchangiaji wa kwanza: Na huyo jirani, mlikwenda kumwambia?

Mleta mada: Hapana. Tulishampigia makofi kabla hatujageuka.