Mrejesho: jiki, alanini na litmasi iliyopauka

Wakuu, habari za jioni kutoka Moshi. Niliuliza hapa kwa nini nikichanganya jiki na alanini (moja ya asidi amino zinazojenga protini) napata harufu ya bwawa la kuogelea, na litmasi nyekundu (karatasi inayogeuka bluu ikikutana na alkali) inapauka badala ya kugeuka bluu, wakati nilitegemea gesi ya amonia, ambayo ni alkali.

Mlioniambia nimezidisha jiki mlikuwa sahihi, asanteni sana. Klorini huishika kwanza naitrojeni ya alanini na kutengeneza kloramini, yaani kampaundi yenye klorini juu ya naitrojeni. Hiyo hujivunja polepole, ikapoteza kaboni dayoksaidi na kloraidi. Inabaki imini (kampaundi yenye kaboni na naitrojeni zilizoungana kwa bondi mbili), ambayo maji huigawa kuwa asetaldehidi na amonia. Mkemia Langheld alishaandika habari hizi mwaka 1909! Jiki ikizidi, amonia nayo inashikwa na klorini kabla haijafika kwenye karatasi, na ndiyo ile harufu. Tena jiki ikizidi, alanini yenyewe inaweza kubeba klorini mbili, sehemu yake ikaishia kuwa asetonitrili badala ya asetaldehidi na amonia.

Jana nimerudia, safari hii moli kwa moli (idadi sawa ya chembe za jiki na alanini), madirisha wazi. Karatasi ya wanga na iodaidi, inayogeuka bluu kukiwa bado na klorini, niliyochovya mwanzoni ilikuwa bluu tii. Nikavuta subira mpaka karatasi mpya ikabaki nyeupe, ndipo nikaweka testi tyubu kwenye maji ya moto. Litmasi ikaanza kugeuka bluu ukingoni, taratibu, kisha yote. Wanafunzi wangu walipiga makofi, nami nilifurahi mno.

Ijumaa tunajaribu fenilalanini, asidi amino nyingine. Aldehidi yake hunukia kama asali.