Mtu mzima kwenda kwenye bembea peke yake, bila mtoto: mnanishauri vipi?

Mwana wa Arua ameuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Mwezi ujao ninatimiza miaka 47, na nimeweka akiba kidogo kwa ajili ya jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote nyumbani. Ninataka kwenda kwenye uwanja wa bembea hapa Kampala, niingie asubuhi na kutoka jioni, nipande kila chombo ambacho mwili wangu utakikubali, na nisiwe nimempeleka mtoto yeyote.

Mwaka 1980 familia yetu, kama familia nyingi za West Nile, huku kwetu kaskazini-magharibi mwa Uganda, ilivuka mpaka kukimbilia Zaire, nami nikiwa wa kubebwa mgongoni. Tuliporudi Arua, kazi yangu baada ya shule ilikuwa kuketi sokoni na beseni la mandazi, na bembea pekee niliyoijua ni kamba tuliyoifunga kwenye mwembe. Nimezaa watoto wanne, nimelea na watoto wawili wa marehemu dada yangu, na karibu kila sikukuu nimewapeleka Kansanga, kwenye uwanja ule uliokuwa ukiitwa Didi's World kabla ya kupewa jina la Wonder World. Kila mara mimi ni mtu wa benchini. Ninapakata viatu, masweta na chupa za soda, huku nikitazama. Safari ya mwisho, mpwa wangu alishuka kwenye ile meli inayoyumba, machozi yakimtoka kwa kicheko, nami nikajikuta namwuliza mara tatu kukoje kule juu. Alishindwa kunieleza.

Sasa naomba ushauri wa kweli. Je, wafanyakazi watanikubalia kupanda, au vyombo vile ni vya watoto tu? Niende siku gani? Nivae nini, maana nimezoea gauni refu la kitenge? Na je, kuna jambo lolote ambalo mtu wa umri wangu anapaswa kuliogopa?

Fundi wa Bembea amejibu:

Dada, shikamoo. Nimefanya kazi ya kuendesha vyombo hivi kwa miaka sita, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyashika kwa mikono yangu.

Vyombo vingi vikubwa vimetengenezwa kubeba watu wazima. Kinachozuiwa mara nyingi ni mtoto mfupi, ndiyo maana pale mlangoni huwekwa kijiti cha kupimia kimo. Vile vidogo vya farasi na magari ya kuzunguka polepole vina kikomo cha uzito, na hapo usione vibaya ukikataliwa, kwa sababu ekseli zake ni nyembamba.

Kuhusu siku, epuka kabisa Krismasi na siku inayofuata, Jumatatu ya Pasaka, na Idi zote mbili. Siku hizo utakaa saa nzima kwenye foleni ili upande kwa dakika tatu. Nenda Jumanne au Jumatano, shule zikiwa zimefunguliwa, ila si wiki za mwisho wa muhula, kwa kuwa ndipo mabasi ya shule huja na wanafunzi wa ziara. Ukifika, uliza kabla ya kulipa kama tiketi ya mlangoni inajumuisha vyombo vyote au kila chombo kinalipiwa peke yake. Wageni wengi hukasirika kwa sababu hawakuuliza.

Sasa nije kwenye meli, kwa kuwa naona ndiyo iliyokuita. Meli hiyo hubembea kama timazi ya mwashi. Anayeketi katikati hupanda kidogo, na anayeketi kwenye ncha hupanda juu zaidi, na pale juu kabisa, kabla haijarudi, mwili wake huona kana kwamba umeinuka kutoka kitini. Mtu wa mara ya kwanza na aketi katikati. Ukiona umeifurahia, rudi upande tena ukiwa nchani. Mfanyakazi atashusha chuma cha mapajani, nawe baada ya yeye kuondoka kisukume juu kwa mikono miwili. Kikicheza, paza sauti mara moja, wala usione haya. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo msimamizi alitutaka tuharakishe foleni bila kukagua vyuma hivyo mara ya pili. Niliacha kazi ile, na tangu siku hiyo simwachi mtu apande pasipo kumwambia akague mwenyewe.

Kwenye magari ya kugongana ya aina ya zamani, umeme hupita kwenye wavu wa juu, ukashuka kwa mlingoti wa nyuma ya gari hadi sakafuni, kwa hiyo usitie mguu chini hata gari lako likikwama pembeni, mpaka mfanyakazi akate umeme. Mvua yenye radi ikianza, vyombo vya juu husimamishwa, na umeme ukikatika hungojewa jenereta. Basi anza na vyombo unavyovitamani zaidi, kisha vile vya kawaida viwe vya alasiri.

Kitenge hakina shida kikiwa cha suruali. Gauni refu, na zaidi gomesi yenye mshipi unaoning'inia, hunasa kwenye minyororo ya viti vinavyozunguka. Ukipenda gauni, livae fupi kiasi, na ndani uvae taiti. Viatu viwe vya kufunga kwa kamba.

Muuguzi wa Jinja amejibu:

Fundi amemaliza mengi, nami naongeza la mwili. Ndani ya sikio kuna mirija yenye majimaji inayoueleza ubongo kwamba mwili unageuka. Majimaji yale yakisema tunazunguka huku macho yakitazama kiti kilichotulia mbele yetu, ubongo hupokea habari mbili zinazopingana, na hapo ndipo kichefuchefu huanza. Tazama mbali, kwenye kilima au paa la nyumba, na usikodolee macho magoti yako. Watu wazima wengi wanaostahimili kupanda na kushuka hushindwa na kuzungushwa, kwa hiyo vyombo vya kuzunguka vifuate vingine, wala usivipande viwili mfululizo.

Roleksi, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai mawili, uile baada ya kumaliza, si kabla, lakini pia usiende na njaa. Ndizi mbili na maji vinatosha asubuhi. La muhimu kuliko yote, pima presha wiki hii. Ikiwa iko juu, au ikiwa una maradhi ya moyo, mgongo au shingo, zungumza kwanza na daktari wako. Mwenye mimba asipande vyombo hivi vya kasi.

Mzee wa Bombo amejibu:

Binti yangu, sikukatazi, lakini ningekuwa mimi ningepeleka fedha hiyo Entebbe. Kuna bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1898, na karibu yake kile kituo cha wanyama kilichoanza mwaka 1952 kama makazi ya wanyama yatima na waliojeruhiwa. Utatembea kando ya ziwa kwa utulivu unaolingana na umri wako, wala hakuna atakayekushangaa. Bembea naona ni za watoto, na mama mzima akipiga kelele hewani, watu husema.

Mwalimu wa Kasese amejibu:

Mzee wangu, heshima yako naitunza, na Entebbe ni pazuri kama ulivyosema. Hata hivyo, vyombo hivi havikuwahi kuwa vya watoto peke yao. Lile gurudumu kubwa la kwanza, alilolijenga George Ferris kwa maonyesho ya Chicago ya mwaka 1893, lilikuwa na vibanda 36, na kila kimoja kilichukua watu 60. Huo si mzigo wa chombo cha watoto.

Kuna jambo jingine linalofanana sana na habari ya dada huyu. Walt Disney, yule mtengenezaji wa filamu za katuni wa Marekani, alisimulia kwamba wazo la uwanja wake wa bembea, Disneyland, lilimjia alipokuwa akiwapeleka binti zake wawili kwenye bembea ya kuzunguka, yeye akibaki ameketi benchini, akafikiri kwamba pangefaa pawe na mahali ambapo wazazi na watoto wanafurahi pamoja. Uwanja huo ulifunguliwa huko California mwezi Julai 1955. Dada, benchi lako Kansanga ni lile lile. Inuka.

Mwana wa Arua amerudi:

Nawashukuru nyote, na wewe Mzee wa Bombo pia, kwa kuwa Entebbe nitakwenda na mume wangu mwezi wa nane.

Nilikwenda Jumatano. Presha ilikuwa sawa, na nilivaa suruali ya kitenge niliyoshonewa kwa ajili ya siku hiyo. Hakuna aliyenishangaa. Kijana wa kwenye meli aliniita "mama", akashusha chuma, nami nikakisukuma kama Fundi alivyoagiza, naye aliponiona akarudi, akakikandamiza tena mpaka kikalia *ta*. Tulikuwa watu watano tu. Mara ya kwanza niliketi katikati, nikayafumba macho karibu safari yote, na nilishuka miguu ikitetemeka.

Nilikunywa maji, nikaketi benchini nusu saa, mikono mitupu. Kisha nikarudi kuketi nchani, upande unaotazama kilima. Pale juu, kabla meli haijarudi, niliinuka kitini kweli, kiasi cha upana wa vidole viwili, na paa za mabati za Kansanga zote zikawa chini ya viatu vyangu. Nilipiga kelele kwa Kilugbara.

Jioni mpwa wangu aliniuliza nilikuwa wapi siku nzima. Nilimwambia, kisha yeye ndiye akaniuliza kukoje kule juu ukiwa nchani, kwa sababu yeye hajawahi kuthubutu.