Mjadala: Bunduki haramu imekamatwa na mwenyewe kakamatwa, maiti apasuliwe ya nini?

Kitasa: Wakuu, kila kitu kiko wazi, lakini familia inaambiwa isubiri uchunguzi wa maiti. Uchunguzi wa nini? Tundu dogo ndipo risasi ilipoingilia, kubwa ndipo ilipotokea. Hata mtoto anaona.

BintiHadubini: Hapo ndipo unapopotea. Mtutu ukigusishwa kwenye fuvu, gesi inaingia chini ya ngozi na kuichana kama nyota. La kuingilia linaweza kuwa kubwa kuliko la kutokea. Wewe ungesema kapigwa kisogoni akikimbia, kumbe kawekewa mtutu kwenye paji la uso.

Kitasa: Napotea? Nimeosha maiti watatu wa risasi kwa mikono hii. Wewe dada umeosha wangapi?

BintiHadubini: Sijaosha hata mmoja, na ningekuwepo ningekuzuia. Masizi yaliyozunguka tundu yanaonyesha mtutu ulikuwa karibu kiasi gani, na maji huyaondoa. Vidoa vya baruti iliyochoma ngozi ndivyo hubaki. Nguo zao mlizipeleka wapi?

Kitasa: Usinifundishe kuosha maiti.

Mzalendo77: Tatizo ni vijana kupiga picha na bastola kiunoni kama wamevaa saa. Na msihesabu magobole humo, gobole si bunduki, ni bomba la maji lililopandishwa cheo.

Fundi Mstaafu: Si bunduki? Simama mbele yake basi, kijana.

Mzalendo77: Nasimama, mzee, mita 50. Ukikosa nalala usingizi, niamke bado unashindilia baruti.

Fundi Mstaafu: Wenzio waliosema hivyo hawakuamka.

BintiHadubini: Gobole ndilo linalotusumbua zaidi. Mtutu wake ni laini ndani, hauna mifereji, kwa hiyo risasi haitoki na ile mikwaruzo tunayolinganisha kwa hadubini. La kushindilia halitoi hata ganda la risasi. Kinachobaki ni vyuma vilivyomo mwilini. Ndiyo maana eksirei kwanza, kisu baadaye.

Wakili Njaa: Hadubini mnaiabudu mno. Wanasayansi Marekani waliandika, 2009 kama sikosei, kwamba kulinganisha alama kunategemea sana jicho la mchunguzi.

BintiHadubini: Jicho hilohilo lilisaidia kwenye mauaji ya Chicago, Marekani, 1929, baadhi ya wauaji wakiwa wamevaa sare za polisi, hata polisi wakashukiwa. Calvin Goddard, mtaalamu wa kuchunguza bunduki, alilinganisha maganda na bunduki za polisi, hazikulingana.

Kitasa: Polisi wakasafishwa, mkapiga makofi!

BintiHadubini: Goddard hakuwa polisi wao, kaka. Na maganda hayohayo yalikuja kulingana na bunduki zilizokutwa kwa jambazi.

Wakili Njaa: Jicho moja hilo. Lete jicho la pili.

Kitasa: Nguo tulizichoma. Mmoja alizikwa na vyuma ndani. Akifukuliwa leo vitaonekana?

BintiHadubini: Kwenye eksirei, ndiyo. Masizi msahau.

Mzalendo77: Mzee, fanya mita 60.